Mama Alishona Ombi Kwenye Suruali Isiyo Yangu

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, niliingia baa nikamkuta mwenye baa amekaa nyuma ya kaunta, hana suruali, analia.

Si kulia kwa kuigiza. Kulia kwa makamasi.

Mtu mwenyewe tulikuwa tunamwita Kreti, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kubeba kreti mbili za bia huku anakutukana na pumzi isimkate. Kiunoni alikuwa amejifunga kitambaa cha meza chenye maua mekundu. Suruali yake ilikuwa imelazwa juu ya kaunta, pembeni kuna sindano na uzi.

"Kreti, kuna msiba?"

Akanisukumia kipande cha kitambaa cheupe, kigumu, kama kile ambacho mafundi wanaweka ndani ya kola ya shati ili isilale. Kilikuwa kimeandikwa kwa wino usiotoka kwa maji:

"BWANA, USIMWACHE MWENYE SURUALI HII. MTOE BAA. AMINA."

Nikasoma mara ya kwanza, nikacheka.

Nikasoma mara ya pili, kicheko kikanikauka. Mwandiko ule ulikuwa wa mama yangu mzazi.

Sasa ngojeni kidogo. Kabla hamjaanza kunihukumu, niwaambie mimi ni nani, ili mnihukumu vizuri.

Mimi ni fundi rangi. Mtaani wananiita Nusu, na jina nililitafuta mwenyewe. Nikianza kupaka nyumba yako, napaka upande mmoja, halafu kiu inanishika. Upande wa pili utausubiri mpaka uote ukungu. Kuna mama mmoja hapo kwenye kona, alikuwa akielekeza wageni anasema, "Mkiona nyumba iliyokata tamaa, mmefika."

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, naishi kwa mama, chumba cha uani.

Mama ni mjane na ni fundi cherehani. Cherehani yenyewe ni ya kukanyaga kwa miguu, imenizidi umri. Chumba chake na changu vinagawana ukuta mmoja mwembamba. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kwa miaka tisa, mama alipiga magoti upande wake wa ukuta na kuniombea kwa sauti.

Na maombi yake hayakuwa yale ya juujuu. Yalikuwa ripoti.

"Bwana, jana ameingia amelewa, ameanguka kwenye ndoo. Ile ya bluu, Bwana, unaijua. Imepasuka."

"Bwana, ukuta wa yule mama wa kwenye kona bado haujaisha. Rangi inakauka kwenye kopo. Unaona mwenyewe."

"Bwana, kiatu kimoja hakijulikani kilipo. Cha kushoto."

Mimi nimelala, kichwa kinagonga, nasikia naripotiwa mbinguni mpaka namba ya kiatu. Siku nyingine nilishindwa kuvumilia, nikapiga ukuta kwa ngumi.

"Mama! Mungu si kiziwi!"

"Najua!" akajibu. "Kiziwi ni wewe. Yeye namkumbusha tu!"

Halafu akaendelea pale alipoachia. Majirani nao walikuwa wanasikia. Nikitoka nje kupiga mswaki, jirani ananiuliza kwa upole, "Vipi, ndoo inazibika?"

Alifunga, mwili ukamwisha. Akamleta mchungaji. Safari moja alipaka kitasa cha mlango wangu mafuta ya maombi, mengi, kitasa kikawa kinateleza hakishikiki. Nikapitia dirishani nikaenda baa.

Mnaona niliyekuwa naye? Na mnaona nilivyokuwa?

Sasa, kama mwezi mmoja kabla ya siku ya Kreti, ukuta ukanyamaza.

Alfajiri ya kwanza nilidhani mama anaumwa. Nikachungulia, nikamkuta mzima, anapepeta mchele. Alfajiri ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Nikasema alhamdu... nikasema asante Mungu, mama amekubali yaishe. Nikawa nalala mpaka saa tatu kama mtoto wa tajiri.

Tena siku ileile ukuta ulipoanza kunyamaza, mama aliniambia jambo la ajabu.

"Hao wenzako unaokaa nao, suruali zao zimechakaa. Nimewaona. Waambie walete, nitawatengenezea. Sitaki chochote."

Nilifurahi hadi nikamkumbatia. Nikaona sasa ameanza kuwaheshimu rafiki zangu. Nikazikusanya mwenyewe suruali kwenye kiroba, hata ya Kreti, nikampelekea. Kumbe mbuzi nimebeba kamba yangu begani, natembea napiga mluzi.

Turudi baa.

"Hiki ni changu," nikamwambia Kreti, nikanyoosha mkono. "Mama amechanganya suruali. Alitaka kukishona kwenye yangu."

Kreti akakiweka kile kitambaa kifuani. Akaniambia kiuno cha suruali yake kilifumuka wakati anainua mzigo, na alipokaa kukishona ndipo alipokuta kitu kigumu kimejificha ndani.

"Imeandikwa mwenye suruali hii," akasema. "Suruali ni ya nani?"

"Ni yako. Lakini ombi ni langu."

"Basi limenifuata mimi."

Wakati huo wakaingia wenzetu wawili. Wa kwanza ni Breki, dereva wa lori, mtu ambaye akiegesha lori Ijumaa karibu na baa, nyumbani wanamwona Jumatatu usiku. Wa pili ni Profesa, fundi redio, ambaye hajawahi kusikia habari akakubaliana nayo. Nikawaeleza. Profesa akavuta kiti, akavaa miwani, na miwani yenyewe ina kioo kimoja.

"Swali ni hili. Ombi linakwenda kwa aliyekusudiwa, au kwa aliyevaa?"

"Kwa aliyevaa," akasema Breki. "Ni kama barua. Ikiingia nyumba isiyo yake, atakayeisoma ni yule aliyeifungua."

"Lakini Mungu si tarishi. Anajua anwani."

"Kama anajua anwani, mbona imefika kwa Kreti?"

Profesa akafungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza namwona anafanya hivyo.

"Nyinyi bishaneni," akasema Kreti, anajifuta kwa pembe ya kitambaa cha meza. "Mimi nimelelewa na shangazi aliyekuwa ananiita 'wewe'. Mama yangu simkumbuki sura. Wanaonitaja mbele za Mungu ni wake zenu na mama zenu, na mnajua wanachoomba."

Tulikuwa tunajua. Walikuwa wanaomba baa iungue.

"Leo ndiyo mara ya kwanza nimesoma kwamba nisiachwe," akasema. "Sasa wewe Nusu unataka kuninyang'anya hata hiki?"

Nikaona aibu. Nikashusha mkono, nikaagiza bia ili mambo yarudi kawaida.

"Leo siuzi," akasema Kreti.

Jamani, Jumapili mtu yule akaenda kanisani. Suruali ameifunga kwa kamba kwa sababu kiuno hakuwahi kukimaliza. Nilihadithiwa kwamba aliingia akatafuta alipo mama yangu, akaenda kukaa benchi lile lile, na mama akasogea kumpisha kana kwamba alikuwa amemwekea nafasi.

Jumatatu asubuhi tukaenda baa, tukakuta mlango una kufuli, na Kreti anapakia viti kwenye mkokoteni.

"Vinakwenda wapi?" nikauliza.

"Harusini. Nimeacha bia. Sasa nakodisha viti."

"Na kiti changu?"

"Nacho kinakwenda."

Nikasimama nikakiangalia kiti nilichokikalia miaka tisa kinaondoka kwenda kwenye sherehe ambayo mimi sikualikwa.

Tukabaki watatu kwenye ngazi ya baa, jua linatupiga, hakuna pa kwenda. Nikaanza kumlaumu mama. Nikasema, ona sasa, mama wa watu kakosea suruali moja, baa nzima imekufa. Ombi la risasi moja, limempata asiyelengwa.

Profesa alikuwa anakuna kidevu.

"Nusu, mama yako ameshona miaka mingapi?"

"Zaidi ya thelathini."

"Kiuno chako inchi ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Na cha Kreti?"

Kiuno cha Kreti ni arobaini na nne. Suruali yake ukiitandika, mimi nalala juu yake na mto.

"Fundi wa miaka thelathini," akasema Profesa polepole, "anachanganya thelathini na moja na arobaini na nne?"

Hapo Breki akaanza kujipapasa kiunoni. Taratibu, kama mtu anayehisi ana mdudu na hataki kumshtua.

"Mimi kuna kitu kinanikwaruza hapa wiki tatu," akasema. "Nilidhani ni lebo."

Tukamfumua palepale kwenye ngazi, kwa kisu cha kufungulia redio cha Profesa. Kikatoka kitambaa cheupe.

"BWANA, USIMWACHE MWENYE SURUALI HII. MRUDISHE KWA MKE WAKE. AMINA."

Breki alikisoma, akakikunja, akakiweka mfuko wa shati. Akainuka akajipangusa vumbi, akaondoka kuelekea kwake bila kuaga. Ilikuwa saa sita mchana, siku ya kazi. Baadaye alituambia mkewe alipomwona mlangoni alipiga yowe, akidhani amefukuzwa kazi au lori limepinduka.

Profesa akajifumua mwenyewe. Chake nacho kilikuwepo.

"BWANA, USIMWACHE MWENYE SURUALI HII. MPUNGUZIE MANENO. AMINA."

Nilimtazama nikisubiri abishe. Nilikuwa nataka abishe, kwa kweli. Alivua miwani, akaifuta upande wenye kioo na upande usio na kioo, akasema, "Hm."

Basi. "Hm" tu. Akaenda zake.

Nikabaki peke yangu kwenye ngazi.

Nikajipapasa kiunoni. Laini. Nikazunguka kiuno chote kwa vidole, mbele mpaka nyuma. Hakuna kitu. Nikajiambia, labda changu kiko kwenye suruali nyingine. Nikaanza kutembea kwenda nyumbani. Halafu nikajikuta nakimbia, mtu mzima, mchana kweupe, na sikuwa nafukuzwa na mtu.

Chumbani nikachukua wembe. Nilikuwa na suruali saba. Nikafumua ya kwanza, ya kazini, yenye madoa ya rangi. Hakuna. Nikafumua ya pili. Hakuna. Nikafumua upindo, nikafumua mifuko, nikafumua hata pale kwenye zipu ambapo hakuna fundi mwenye akili anayeweza kuweka ombi. Nikavua niliyovaa, nikaifumua nayo.

Suruali saba, sikupata hata uzi wa ziada.

Nikakaa chini katikati ya matambara, na bukta. Hapo ndipo nilipoukumbuka ukuta. Mwezi mzima sijasikia jina langu. Mimi nilikuwa nashangilia usingizi, kumbe nimefutwa kwenye orodha. Mama amewachukua walevi wote wa mtaa, ameniacha mimi.

Niliogopa. Nisiwadanganye, sijawahi kuogopa namna ile. Miaka tisa nilikuwa nalewa nikijua kuna mtu anashika kamba upande wa pili. Sasa nimevuta kamba, imekuja yote mkononi.

Nikazikumbatia suruali zote saba, nikatoka nazo hadi barazani. Mama alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule. Nikazimwaga miguuni pake. Akaziangalia.

"Panya?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Mama, unajua nilichokuwa natafuta." Sauti ikaanza kunitoka vibaya. "Breki anacho. Profesa anacho. Kreti, mama, Kreti aliyekuwa anatuuzia, na yeye anacho. Mimi ndiye uliyenizaa. Mbona mimi sina?"

Mama akaweka mkono kwenye gurudumu la cherehani, likasimama. Akavua miwani. Nilitegemea ahubiri. Nilitegemea Mithali.

"Nilichoka," akasema.

Nikainama nikaokota suruali moja, nikaikunja.

"Alfajiri moja nilipiga magoti, nikafungua mdomo, nikakuta hamna neno. Yote nimeshasema. Ndoo nimesema. Kiatu nimesema. Nikaona hata aibu, kama mtu anayegonga kwa jirani kila siku kuomba chumvi. Nikamwambia, Bwana, huyu wangu nakuachia, mimi kwake nimeishiwa. Kama bado unataka nikuombe, nipe mwingine."

"Ndiyo ukawachukua hao?"

"Nikawakumbuka unaokaa nao. Nikasema wewe umegongewa mlango miaka tisa. Hao wamegongewa na nani?"

"Lakini suruali, mama? Kweli suruali?"

"Mimi ni mtu wa cherehani. Ulitaka nikawashikie spika?" Akaichukua suruali moja, akaangalia nilivyoikatakata, akasikitika kifundi. "Tena nilipenda. Nikishaandika na kushona, limeshatoka mikononi mwangu, mteja anaondoka nalo. Kwako nilikuwa nashona nafumua, nashona nafumua. Sikuwahi kukuacha uondoke nalo."

"Kwa hiyo mimi umenitupa."

"Nimekuachia. Kutupa na kuachia si kitu kimoja."

"Mimi naona ni kitu kimoja, mama," nikasema, na hapo nikalia. Kulia kwa makamasi, kama Kreti, na mimi sikuwa hata na kitambaa cha meza.

Mama hakunibembeleza. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Alikuwa anaonekana mzee. Nilikuwa sijawahi kumwona mzee, maana muda wote nilikuwa namsikia tu kupitia ukutani, na sauti yake haikuwahi kuzeeka.

"Niandikie basi," nikamwomba. "Hata kifupi. Hata 'Bwana, huyu'. Basi."

Akafungua droo ya cherehani, akatoa kipande cha kitambaa cheupe na kalamu. Akanipa mimi.

"Andika."

"Mimi?"

"Huna mkono?"

"Mama, mimi sijui kuomba."

"Miaka tisa umelala kwenye ukuta wa maombi," akasema, "hujashika hata mstari mmoja?"

Akarudi kwenye sare zake, akakanyaga. Cherehani ikaanza kulia.

Nilikaa chini pale barazani na bukta, majirani wanapita wananisalimia kwa heshima isiyo ya kawaida. Kuandika maneno mafupi kama yale, nilitumia muda mrefu kuliko niliowahi kutumia kwenye ukuta wa mtu yeyote. Nilitaka kuandika nisamehewe. Nikaona hilo mama ameshalisema mara elfu tatu. Nilitaka kuandika niache pombe. Nalo lilishasemwa. Kila nilichotaka kujiombea, nilikuta mama ameshakiomba na kukimaliza.

Kikabaki kitu kimoja tu ambacho mama hakuwahi kukiomba. Nikakiandika, nikampa.

Fundi lazima aangalie anachoshona. Akaweka miwani, akasoma.

"BWANA, USIMWACHE MAMA WA MWENYE SURUALI HII. AMECHOKA. MPUMZISHE. AMINA."

Mguu wake ukasimama kwenye kikanyagio. Akageuza uso upande wa ukuta, akajifuta kwa sare ya mtoto wa watu. Halafu akakohoa.

"Mwandiko umepinda," akasema.

Akachagua suruali iliyoumia kidogo kuliko nyingine, akakiingiza kiunoni, akashona. Akaipitisha sindano mara mbili, ili nisije nikafumua tena.

Nisiwadanganye kwamba nilibadilika siku ileile. Nilianguka mara mbili baada ya hapo, na mara ya pili alikuja kuniokota Profesa, akanifikisha nyumbani bila kusema neno hata moja, jambo lililoniuma kuliko hotuba. Lakini alfajiri nilianza kuamka mimi. Najikwaa kwenye maneno, nasahau nilipofika, naanza upya. Mama upande wake alikuwa amelala. Nilikuwa namsikia anakoroma, naendelea.

Siku hizi nikisimama kanisani kusimulia haya, watu wanapiga makofi na kusema, maombi ya mama yameshinda. Sawa, yameshinda. Ila mimi nawaambia upande ambao hawaupendi. Mama yangu aliishiwa. Mtu wa Mungu kabisa, mwenye imani ya kutingisha ukuta, na aliishiwa, kwa sababu mimi nilidhani anaomba kama mvua inavyonyesha, bila gharama kwa mtu yeyote.

Kama una mzazi anayekutaja kila siku mbele za Mungu, ile ni kazi, na anaifanya na umri wake. Leo mtaje na wewe. Usisubiri achoke ndipo ujue alikuwa anakubeba.